Wiki ya Mabani

Unageuza uso. Hata sasa, kama ulivyougeuza treni ndogo ya dizeli ilipoondolewa, ukasema hayo ni mambo ya wakubwa. Basi msikilize Erasmus wa Isevya, mwenzako.

Treni ilikuwa na mabehewa mawili tu, injini zake chini ya sakafu, haina haja ya kichwa cha kuivuta. Ililetwa kwa majaribio ya wiki moja: itoke Tabora asubuhi, ipite vijijini, irudi jioni. Erasmus, karani wa reli, akapewa daftari ahesabu abiria. Kila kituo alikikuta kitupu, na sababu aliijua. Ilikuwa wiki ya kukausha tumbaku, na moto wa bani, banda la kukaushia, hauachwi. Mtu hula hapo, hulala hapo. Yeye mwenyewe kakulia kwenye moshi ule. Lakini mkubwa wake alitaka jibu fupi, naye akaandika: "Abiria hakuna." Treni ikaondoka, haikurudi.

Masika ya mwaka huu barabara ilikatika. Dada yake mdogo, Kabula, alishikwa na uchungu, akapakiwa kwenye bodaboda, matope hadi magotini. Yeye alifika hospitali mzima. Mtoto hakufika.

Juzi kulikuwa na mkutano Gongoni, kuulizana kama treni ile irudishwe. Kabula alikaa ubavuni mwa kaka yake. Afisa akafungua faili: "Majaribio yalishafanyika. Watu wa huko hawapandi treni."

"Hee! Nani huyo alitusemea?" Kabula akadakia. "Alikuja na macho, au aliyasahau Tabora?"

Ukumbi ukacheka. Erasmus naye akacheka, akijifuta uso.

"Kaka, mbona jasho?"

"Ni mimi, mdogo wangu."

"Wewe ndiye nini?"

Akasimama. "Daftari lile ni langu. Niliwahesabu wiki ya mabani, na nilijua."

Kabula akakusanya kitenge chake, akahamia kiti cha mbali.

"Mzee, nani mwingine anathibitisha?" afisa akauliza. "Walete kabla ya Ijumaa, la sivyo nafunga faili."

Wote waliokuwa kwenye moto wiki ile wakatazama viatu vyao. Na wewe ulikuwemo.

Daftari jipya, la mashahidi, liko kwa Erasmus, Isevya, lina jina moja tu: Kabula, aliyekuja jana, akaandika, akaondoka bila kumwamkia. Inuka. Nenda kaandike jina lako na mahali bani lako lilipokuwa. Leo, si kesho.