Wageni Kwanza

Sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya na mapezi, wote walikuwa juu ya miamba, wamelaliana kama magunia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa majini. Wageni walifurahi. Daktari wa meno alimhimiza mkewe, aliyekaa mbele yake kwenye kayaki, mtumbwi mwembamba, ya watu wawili, apige picha upesi kabla hawajatawanyika. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa peke yake kwenye kayaki ya njano, aliinua darubini akaangua kicheko.

"Huyu mnene wa pembeni ni shemeji yangu kabisa! Hata anavyokuna tumbo!"

Kiongozi wao alicheka pamoja nao, lakini hakuacha kuwatazama sili. Miaka yote aliyoleta watu hapa, sili ndio waliokuja kuwapokea, wakichungulia huku na huku kama watoto nyuma ya pazia. Leo walikuwa kimya, shingo zote zimeelekea upande mmoja, kwenye jabali.

Na kaka yake hakuwepo.

Biashara ilikuwa yao wawili, dada na kaka yake. Waliianzia kwenye stoo nyuma ya nyumba ya mama yao, chumba chenye harufu ya mpira na chumvi, ambamo kayaki zililala kifudifudi juu ya mbao na maboya ya kuvaa yakaning'inia kwenye misumari bila kukauka. Kila asubuhi kaka alitangulia kukagua njia, dada akafuata na wageni. Kanuni yao ilikuwa moja, na kaka aliirudia mno hadi mama yao akawa anamwigiza mezani kila anapopakua chakula: "Wageni kwanza!"

Asubuhi hiyo kaka alikuwa amesema, "Nitawasubiri kwenye sili." Na kaka akisema yupo, yupo.

"Tupumzike hapa kidogo," dada aliwaambia wageni, akijitahidi sauti isibadilike. Alibonyeza redio ya upepo. Ikakoroma tu. Chini ya majabali haikuwahi kushika. Ili kumpata mtu bandarini ilibidi kwanza kuzunguka rasi.

Juu bahari ilikuwa shwari, lakini chini ilikuwa inahema. Kayaki zilipanda taratibu, zikashuka taratibu. Yalikuwa mawimbi marefu, ya dhoruba iliyokuwa mbali huko, na kila moja lilipofika kwenye jabali lilitoa mlio mzito ndani ya mwamba, kama mlango unaojibamiza kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Ni nini hicho?" mke wa daktari aliuliza.

"Pango. Maji yanaingia na kutoka."

"Tutaingia?"

"Leo hapana."

Mwalimu alikuwa bado na darubini machoni. Aliishusha polepole. "Dada, ile pale siyo ya kwenu?"

Kayaki nyekundu ilikuwa imebanwa kwenye ufa wa jabali, ikisugua ubavu wake mwambani. Dada aliisogelea. Kasia lilikuwa limefungwa ubavuni vizuri kwa kamba. Redio ilikuwa mfukoni nyuma ya kiti. Ndani hamkuwa na maji, kwa hiyo haikuwa imepinduka. Kaka alishuka kwa miguu yake mwenyewe.

Akapuliza filimbi. Filimbi ikamjibu kutoka ndani ya jabali.

Mlango wa pango ulikuwa umebaki mdogo, maji yakizidi kujaa. Kila wimbi liliuziba kabisa, kisha ukafunguka na kutema povu na harufu kali ya wanyama.

"Kaka!"

"Mguu!" Sauti ilifika vipande vipande. "Mguu umebanwa!"

"Nakuja!"

Wimbi likaziba. Lilipofunguka, mngurumo ulikuwa umekata kichwa cha neno.

"...ondoke!"

"Unasemaje?"

"...ondoke! ...ondoke!"

Muondoke. Ndivyo alivyosikia. Hata humo ndani, kaka yake alikuwa anawawaza wageni. Akageuka. Kayaki ya daktari ilikuwa inasukumwa kwenye mwamba na mkewe analia. Mwalimu alikuwa anapiga kasia hewani. Watu hawa walishika kasia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hiyo. Yeye akiingia, na wimbi likamfungia, nani angewatoa?

"Nimesikia!" alipaza sauti. "Naleta boti! Jikaze, kaka! Jikaze!"

Filimbi ikalia mfululizo, bila kituo.

"Mimi naweza kubaki hapa nje," mwalimu alisema. "Angalau asikie kuna mtu."

"Hapana, mwalimu. Piga kasia."

Filimbi iliwafuata hadi kwenye rasi. Walipoizunguka, redio ikashika na filimbi ikapotea, yote kwa pamoja.

Boti ya uokoaji iliwakuta kwenye ufuo wa kokoto. Dada aliwashusha wageni akarukia botini. Walipofika jabalini, hakukuwa na pango tena. Kulikuwa na ukuta na maji tu. Mzamiaji alijaribu kushuka, wimbi likambamiza, akarudi helmeti yake ina ufa.

"Tunasubiri maji yapwe," nahodha alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka yapwe." Hakumtazama usoni.

Wakasubiri. Hapakusikika filimbi. Sili walikuwa wamepanda juu zaidi.

Maji yalipopwa walimkuta hai. Wimbi lililotaka kumzamisha ndilo lililoondoa jiwe lililombana mguu na kumrusha juu ya ubapa wa mwamba, karibu na paa, ambapo sili wachache, wasioonekana kwa nje, walikuwa wamejibanza. Joto lao ndilo lililomhifadhi. Pembeni yake alilala mtoto wa sili aliyekufa, kipande cha wavu kimemkaba shingoni. Kaka alikuwa ameingia kumkatia kamba za wavu ule.

Hospitalini kaka hakutaka kuongea. Dada alikwenda kila siku, akapanga mito, akammenyea machungwa ambayo hakuyala. Siku moja, akiwa bado ameukabili ukuta, kaka aliuliza, "Ulinisikia kule?"

"Nilikusikia. Ulisema tuondoke."

Kaka akageuza kichwa.

"Nilisema msiondoke."

Dada akaweka kisu chini.

"Nilijua huwezi kuingia," kaka aliendelea. "Nilitaka nisikie watu hapo nje, basi. Maji yalipofika kidevuni niliita jina lako mpaka sauti ikakauka."

"Kaka, wale wageni..."

"Usinisomee kanuni yangu mwenyewe."

Mguu ulipona, mfupi kidogo kuliko mwenzake. Kila aliyeuliza, kaka alimwambia kwamba dada yake alifanya sawasawa, lakini alisema hivyo kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Kabla msimu mpya haujaanza akahamia kwa binamu yao, katika mji ulio mbali na bahari, akaanza kazi kwenye duka la matairi. Dada aliajiri mtu mwingine wa kutangulia, akaendelea na safari.

Kila Jumapili kaka humpigia mama simu. Huongea vizuri, hucheka, huuliza habari za majirani. Mama akisema, "Dada yako huyu hapa, muongee," yeye hujibu kwamba mtandao unasumbua. Mama humpa binti yake simu hivyo hivyo. Dada huiweka sikioni, akasikia mtu anapumua upande wa pili, na kabla hajafungua mdomo, simu hukatwa.