Simu Mkononi mwa Baba Mkwe

Mzee Mboje alipewa benchi, hakukaa. Alizunguka chumbani kama fahali kwenye zizi geni. Kitandani Kwandu, mke wa mwanawe, alikuwa amejikunja, jasho likimtiririka. Mumewe, Bujiku, alikuwa mbali machungani na ng'ombe, simuni hapatikani. Mzee ndiye aliyemleta kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi kituo cha afya cha Bukundi. Kwandu akifa, atamjibu mwanawe nini?

Daktari wa kituo, binti aitwaye Goodness, alitaka kumpigia daktari bingwa wa Bariadi. Simu yake haikushika mtandao. Ya mzee ilishika, tena dirishani tu.

"Nipe, baba."

"Naishika mwenyewe. Ukiiinamisha inakata."

Akasimama dirishani, mkono juu, spika imefunguliwa wote wasikie.

"Tumbo linauma chini, kulia," Goodness alieleza. "Presha inashuka."

"Inaweza kuwa kidole tumbo, inaweza kuwa mimba imekaa pabaya," bingwa alisema. "Aliona siku zake lini?"

Kwandu akavuta kanga usoni.

"Ametokwa damu?"

Kanga ikavutwa zaidi.

"Sema, mwanangu!" mzee alifoka. "Unaulizwa!"

Kwandu akageukia ukuta.

"Nani mwingine yumo humo?" bingwa akauliza.

"Baba mkwe wake. Ndiye kashika simu."

"Eti nini? Mzee, huko Bukundi mkwe anamweleza baba mkwe siku zake tangu lini?"

Uso wa mzee ukawaka moto. Yeye ndiye huwasema watu pale kijijini kwa kukosa haya mbele ya wakwe. Leo hofu imemlia adabu yote. Akamtia Goodness simu mkononi, akatoka mbio hadi kwenye ng'ombe wake, pasipofika neno. Akafunga kamba, akafungua, akafunga tena.

Goodness akatokea mlangoni. "Mzee! Damu inavuja ndani. Apasuliwe leo hii, Bariadi wanamngoja."

"Amesema?"

"Amesema yote."

"Usinisimulie. Gari liko wapi?"

Alipanda gari la wagonjwa, mbele na dereva, macho barabarani, hakugeuka hata mara moja. Nyuma, ubavuni mwa Goodness, Kwandu aliguna kwenye kila shimo, na kila mguno ulimchoma mzee. Kisha shimo kubwa likapita, mguno usisikike.

"Daktari!"

"Yupo, baba. Anapumua. Anajikaza tu, anakuonea haya."

Mzee akashika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mwambie alie," akasema. "Alie kwa nguvu zake zote. Mimi huku mbele sisikii kitu."