Kaka Aliyempisha

Kwa miaka kumi na tisa dada huyu, mpiga vibrafoni, hakuwahi kuhitaji kipaza sauti. Alipiga na kaka yake katika mgahawa wa hoteli moja, yeye akigonga vipande vyake thelathini na saba vya chuma, kaka akiwa kwenye gitaa la besi, na hata mteja wa meza ya mlangoni alimsikia. Sifa zote zilimwendea yeye. Kaka walimpachika jina la Kimya, wakamtania kwamba anazipapasa nyuzi kama anayeogopa kuziamsha.

Kimya alifariki ghafla asubuhi moja, akiwa anavaa viatu. Moyo, daktari alisema. Mgahawa ulisubiri mwezi mzima kwa heshima, kisha ukaweka redio.

Baadaye dada mtu akapokewa na bendi yenye ngoma, besi, kinanda na tarumbeta. Siku ya kwanza ya mazoezi alipiga mpaka viganja vikawaka moto, lakini wapi.

"Dada, leo tumeona mikono tu," mpiga ngoma akamwambia, bila ubaya.

Alhamisi mchana, siku mbili kabla ya onyesho, fundi wa sauti akaja ukumbini na masanduku yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye subira. Kwanza alining'iniza maikrofoni mbili juu ya vibrafoni. Sauti ikatoka kama ilivyo, na ule mtetemo wake mrefu unaofifia taratibu. Dada akafumba macho. Kisha ngoma zikaanza, na maikrofoni zikawa zinanasa matoazi kuliko yeye. Fundi alipompandisha sauti, spika zikapiga yowe, kila mtu akaziba masikio.

Fundi akatoa vinasa sauti vidogo kama vifungo vya shati, akabandika kimoja chini ya kila kipande. Safari hii alisikika juu ya ngoma na tarumbeta, ila sauti ilikuwa kavu, kama ya mtu anayeongea kwenye simu.

"Imekauka," dada akasema.

"Imekauka, lakini ipo. Ile nyingine tamu, ila haisikiki. Mbili hizo huzipati pamoja."

Dada akamgeukia mpiga besi. "Na wewe huwezi kushuka kidogo?"

"Nikishuka, watu hawachezi, dada."

Kulikuwa na jambo la tatu la kujaribu. Wifi yake, mjane wa Kimya, aliingia akisukuma spika ya marehemu kwenye kigari. Fundi akachomeka waya, akamwomba mpiga besi apige kwanza, akafungua sauti nusu tu. Vioo vya madirisha vikatetemeka.

"Kimya alikuwa anapigia hii?" fundi akauliza. "Mimi nilimsikia kule hotelini, nikadhani spika yake mbovu. Hii inajaza ukumbi mzima."

"Nyumbani alikuwa anapiga mpaka vikombe vinacheza kabatini," wifi akasema. "Nikimwambia apunguze, ananijibu, niachie nipige hapa, kule nampisha mdogo wangu asikike." Akamtazama dada. "Wifi, hukujua?"

Hakujua. Alichokumbuka ni siku moja mwaka wa mwisho, mbele ya meneja, alipomwambia kaka yake, "Jitahidi na wewe bwana, unaniangusha. Watu wanadhani napiga peke yangu." Kaka alisema tu, "Sawa, mdogo wangu." Kesho yake akapiga vilevile, kwa sauti ya chini.

Dada akaketi juu ya sanduku la nyaya. Mpiga ngoma akaweka vijiti chini. Fundi akajifanya anakagua waya uliokuwa mzima.

Walijaribu vibrafoni kwenye spika ile kwa ajili ya kujaribu tu. Noti za juu zikazama kama zimefunikwa blanketi.

"Ni ya besi hii," fundi akasema kwa upole.

"Najua. Tutumie vile vifungo."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Sauti yake ilimrudia kutoka kwenye kuta, kubwa, kila noti mahali pake. Aligundua kwamba anaweza kugusa chuma kidogo tu na bado asikike hadi nyuma. Hakuna aliyekuwa anampisha tena. Watu walishangilia, akainama kushukuru, akashuka.

Wifi alikuwa anamsubiri mlangoni. "Nimekusikia vizuri sana."

"Wifi," akamwuliza, "siku ile niliyomsema mbele ya meneja, alikasirika?"

Wifi hakuwa mtu wa kumpoza mwenzake kwa uongo.

"Labda ni ule usiku mmoja alirudi, akala, akalala. Besi hakuigusa. Hakuniambia kitu, wifi. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia leo."

Akamshika mkono, wakatoka nje, kila mmoja akimlilia mtu yuleyule.