Baba Alikwenda Kenya

Nakiru alianza kuichukia ile nyama kabla haijafika mezani. Saa nne asubuhi harufu ya mafuta ya mbuzi ilikuwa imejaa ukumbini, wasichana waliokuja kusailiwa wangali kwenye foleni na matumbo matupu, na mzee Reuben, mwenyekiti wa kamati ya ufadhili, alikuwa akiongea na mama yake kwa simu, akinusanusa.

"Nimefika jana, mama. Ndiyo, kutoka Kenya. Nitapita kukuona." Akaweka simu chini, akawatazama wenzake. "Tuwaharakishe hawa watoto."

Nakiru alifundisha Jiografia huko Kakuma, Turkana, kaskazini mwa Kenya. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili tangu atoke chuoni, na sauti yake ilikuwa ndogo hata darasani. Alikuwa amemleta hapa mjini Lodwar mwanafunzi mmoja tu, Apajok, binti wa wafugaji wa Lokiriama. Nafasi ya kusomeshwa sekondari ilikuwa moja. Apajok akiikosa, angerudi kuchunga mbuzi, na hilo halikuwa siri kwa yeyote, hata kwa Apajok mwenyewe.

Zamu yake ilipofika alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Nakiru alikaa pembeni na walimu wengine.

"Eleza tofauti ya bara, nchi, kisiwa na kanda," Reuben alisoma, macho kwenye karatasi.

"Bara ni eneo kubwa sana la ardhi, lenye nchi nyingi ndani yake, kama Afrika," alisema Apajok. "Kisiwa ni ardhi iliyozungukwa na maji pande zote, kama kile cha katikati ya ziwa letu, chenye mamba. Kanda ni mahali panapofanana, hata kama mpaka umepita katikati. Kwetu Lokiriama, sisi na wale wa Uganda malisho yetu ni mamoja, ukame wetu ni mmoja." Akapumua. "Nchi ina mipaka yake na serikali yake. Kama Kenya. Baba yangu alikwenda Kenya mwaka jana kuuza mbuzi, akarudi."

Reuben aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Ejore, katibu wa kamati, aliinua simu yake na kuanza kurekodi.

"Rudia hapo. Baba alikwenda wapi?"

"Kenya."

"Na wewe saa hii uko wapi?"

Apajok alitazama ukutani, kama jibu limeandikwa huko. "Hapa. Turkana."

"Pasipoti alipata wapi, huyo baba yako?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mmoja alicheka hadi chai ikamtoka puani, akaifuta kwa mkono na kuendelea kucheka. Nakiru naye alicheka. Sauti haikutoka, meno tu, vile yanavyojitokeza yenyewe mbele ya wakubwa. Apajok aligeuka kumtafuta mwalimu wake, akakutana na yale meno.

Nakiru aliinamisha macho. Turkana imo ndani ya Kenya, lakini kwani nani huku hasemi hivyo? Ukishapita Kalemng'orok, ukaishika njia ya kusini kwenda Kitale, unakwenda Kenya. Yeye mwenyewe alipokwenda chuo, mama yake aliwaambia majirani, "Nakiru yuko Kenya." Alilisikia neno hilo maisha yake yote, na kwa kulizoea hakuwahi kulisahihisha darasani.

Reuben aliandika sifuri kubwa.

Mchana nyama ililetwa kwenye sinia, na walimu wakakaribishwa. Reuben alikula kwa mikono miwili. Aligonga mfupa mezani, akafyonza uboho kwa mlio, mafuta yakamtiririka hadi kwenye saa yake. Alipokosa kitambaa alivuta karatasi za alama zilizokuwa karibu, akafutia vidole. Ya juu kabisa ilikuwa na jina la Apajok. Nakiru aliitazama ile alama ya vidole ikienea juu ya jina, akasukuma sahani yake mbali.

"Mimi nimetembea," Reuben alikuwa akisema huku akitafuna. "Hawa watoto hawajui dunia. Nimeona nchi nyingi. Dubai. Ulaya. Ulaya ni nchi moja safi sana."

"Ulaya ni bara, mzee," alisema Nakiru.

Aliisemea sahani, lakini kila mtu alisikia.

"Unasema?"

"Ulaya ni bara. Dubai ni mji." Akamgeukia Reuben. "Na asubuhi ulimwambia mama yako umetoka Kenya. Hakuna aliyekuuliza pasipoti."

Mtu alikohoa. Ejore aliitazama simu yake, akabonyeza mara mbili, akaionyesha mezani: ile video haikuwepo tena. Kisha akaivuta karatasi kutoka chini ya mifupa.

"Lakini mzee, maana zote nne alizitaja sawa. Wale wengine hata kanda hawakufika."

Reuben alijichokoa jino, akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. "Mpe basi. Nyama inapoa."

Alilisema vile mtu anavyomrushia mbwa mfupa. Na Reuben huyo huyo, Nakiru alipoinuka kuondoka, alimfungia mabaki katika gazeti: "Mpelekee mtoto."

Apajok alikuwa amekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta.

"Nafasi umepata," alisema Nakiru.

Msichana aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Ulicheka, mwalimu."

"Nilicheka."

"Kwa nini?"

"Niliwaogopa."

Apajok alilitazama lile gazeti lililolowa mafuta, ambalo Nakiru alilishika kwa ncha za vidole, mbali na nguo zake.

"Utaitupa?"

"Siwezi kuila. Inanitia kinyaa."

"Mbuzi hana kosa, mwalimu."

Alilichukua, akalifungua magotini, akala polepole hadi mifupa ikawa mieupe. Kwao Lokiriama, mwenye nyama humkatia aliyekaa karibu naye hata kama hawasemezani. Nakiru alikaa karibu, akingoja, ingawa alijua asingeweza kumeza. Apajok alikula kipande cha mwisho, akalikunja gazeti.