Damu Iliyotoka Kulia

Mfuko wa damu niliushona kwenye vazi la mdogo wangu, kushoto, chini ya kwapa. Damu yenyewe nilikuwa nimeipika asubuhi: maji, sukari na rangi nyekundu ya keki. Mdogo wangu alikuwa anacheza fainali ya upanga kwenye tamasha la wapenzi wa magemu na hadithi za majoka. Sheria yao haina mambo mengi: panga ni za sponji, na anayepasuliwa mfuko ndiye aliyeshindwa.

"Dada, nikishinda taji silivui mpaka nyumbani."

"Livae hata bafuni. Tulia nikufunge kamba."

Mpinzani wake alijiita Jemadari. Mwaka jana mdogo wangu alimpiga mapema, watu wakamzomea Jemadari mpaka getini. Safari hii, kabla ya pambano, Jemadari alipita kwenye meza yangu ya kushonea, akasema, "Leo utashona mpaka ngozi, fundi." Nikacheka. Humo ndani kila mtu amevaa uhusika wake na anaongea hivyo; kuna wachawi, kuna mashetani, na jini mmoja alikuwa amekwama na mbawa zake kwenye mlango wa choo.

Wakaanza. Panga za sponji zinalia kama mtu anakung'uta godoro. Jemadari akala la bega, akala la kichwa, ukumbi ukaangua kicheko. Akarudi kwenye kona yake, akautupa upanga wake, akachomoa mwingine nyuma ya ngao. Ulipotua kwenye ngao ya mdogo wangu ulikwama, akauchomoa kwa nguvu. Sponji haikwami.

Pigo lililofuata likaingia ubavuni. Mdogo wangu akapiga goti, wekundu ukamshuka mpaka kwenye buti, na watu wakasimama kwa makofi.

Damu ilikuwa inatoka kulia.

Nilinyakua pasi ya moto mezani kwangu, nikapanda nayo jukwaani, waya unaburuta. Jemadari alikuwa ameinua tena upanga kwa mikono miwili, analenga shingo. Nikampiga pasi kwenye kifundo cha mkono, mfupa ukalia kama kuni kavu. Upanga ukaanguka. Akanitandika kiwiko cha mdomo, nikameza damu yangu, nikampiga ya uso. Alipoanguka nikampiga tena, ngozi ya shavu ikabaki kwenye pasi.

"Mchawi wa pasi! Mchawi wa pasi!" watu wakaimba.

"Ni damu ya kweli! Jamani, ni ya kweli!"

Wakashangilia zaidi. Hata mtu wa huduma ya kwanza alikuwa ameinua simu, anarekodi.

Nilimkandamiza mdogo wangu kwa joho lake, joho likalowa, damu ikanipenya vidoleni. Midomo yake ilicheza lakini muziki wa spika ulimfunika. Ikabidi nimwachie. Nikakimbilia nyuma ya jukwaa, nikang'oa nyaya zote za spika kwa mkupuo.

Ukumbi ukanyamaza, na wote wakamsikia analia:

"Mama! Mama, nakufa mimi!"

Simu zikashuka. Mashetani wawili walimkalia Jemadari, na yule jini wa mbawa ndiye aliyembeba mdogo wangu mpaka kwenye gari la wagonjwa.

Njiani muuguzi alimkata nguo kwa mkasi. Mdogo wangu akafumbua jicho moja.

"Dada. Mfuko?"

Nikaushika. Ulikuwa umejaa vilevile.

"Mzima."

"Basi nimeshinda. Taji langu liko wapi?"

"Nyamaza," nikamwambia, nikazidi kukandamiza.