Sahani ya Bwana Haskew

Mimi ndiye niliyemwita Haskew aingie ndani. Nalisema mapema ili usije ukakaa hapo ukitafuta mwingine wa kumlaumu.

Mdogo wangu Lavon Pettway alicheza besiboli ya ligi kuu miaka kumi na mitatu. Hapa Prichard, Alabama, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu wanamjua, na kinyozi mpaka leo hachukui hela yake. Lakini jina haliliwi. Alisaini mkataba akiwa na miaka kumi na saba, shule akaiacha njiani, na alipofika thelathini magoti yalikuwa yamekwisha. Pesa ziliondoka na marafiki, mawakili, na maradhi ya mkewe. Mke naye akafa. Nikahamia kwake na masufuria yangu, nikamlea mwanawe Corwin tangu ana miaka tisa. Sina mtoto mwingine. Huyo ndiye wangu.

Na huyo mtoto alivyokuwa akirusha mpira, wee acha tu! Mkono wa kushoto. Mgongaji anabaki na gongo lake hewani, anamuuliza mwamuzi mpira umepita wapi. Alipomaliza sekondari, klabu moja ya ligi kuu ikamchagua katika uteuzi wao wa vijana wa kila Juni, na chuo kimoja cha huko kaskazini kilikuwa kimeshaahidi kumsomesha bure miaka minne mradi akichezee. Alikuwa na muda mpaka katikati ya Agosti. Akisaini na klabu, chuo basi. Akichagua chuo, klabu basi.

Jioni moja tulikuwa jikoni tunamenya maharage, akamuuliza baba yake, "Baba, wewe ungefanyaje?"

"Unaniuliza mimi? Mimi walinikuta kitandani, nikasaini kwa kalamu yao hata uso sijanawa."

"Ulipoacha kucheza, ulijua kazi gani nyingine?"

Lavon akafikiri sana. "Kuvua mkizi."

"Mkizi gani?" nikadakia. "Tangu lini? Mkizi tunanunua kwa Bi Ruthie, na kwa bei ya kuumiza."

Tukacheka mimi na Lavon mpaka machozi. Corwin hakucheka. Alisema anataka kusomea ujenzi wa madaraja. Alisema, "Mpira naupenda, Baba, Mungu anajua. Lakini siku mkono ukigoma, nataka niwe na kitu kingine cha kufanya. Nisibaki kupigwa picha kwa kinyozi."

Maneno yale yalimchoma Lavon, niliona. Akamenya maharage mawili matatu. Kisha akasema, "Sikufichi, mimi moyo wangu uko kwenye klabu. Lakini hakuna Pettway aliyewahi kumaliza chuo. Msikilize mtu wa klabu kwa adabu, halafu fanya lako. Sitakununia."

Sasa huyu Haskew alikuwa mshauri wetu. Lavon hasomi mikataba vizuri, na ilishamuumiza, kwa hiyo safari hii alitaka mtu wa kumwelekeza. Sheria ya michezo ya vyuo ilikuwa hivi: mshauri anaruhusiwa kukushauri wewe, lakini haruhusiwi kuzungumza na klabu kwa ajili yako. Akizungumza nao hata mara moja, wewe si mwanafunzi tena, wanakuhesabu mchezaji wa kulipwa, na chuo hakikutaki. Haskew mwenyewe alinieleza polepole kama anayefundisha mtoto. "Bi Odessa, siku Bwana Trimble wa klabu akija, mimi nitakaa garini. Lavon akikwama atanifuata nje." Nikamwambia sawa. Nilisikia na nilielewa. Sina pa kujificha.

Trimble akaja Jumamosi moja ya Julai, jua linachoma mpaka lami inanata. Nilikaanga mkizi, nikapika bamia na mkate wa mahindi, nikatengeneza pai ya viazi vitamu. Wamekaa mezani, wanaombea chakula, nami nikatazama dirishani. Haskew yuko garini, milango wazi, anajipepea na gazeti, shati limemganda mgongoni. Mtu mzima wa miaka sitini.

"Lavon," nikamnong'oneza, "yule mtu atafia mlangoni kwetu."

"Mwache, dada. Ndiyo sheria."

"Sheria ya nani? Ya Mama? Katika nyumba ya Mama ni nani aliwahi kukaa uani watu wakila?"

Nikatoka na aproni yangu. Nikamwambia, "Shuka."

"Bi Odessa, siruhusiwi, nilikueleza..."

"Nimekuomba ruhusa? Shuka, sahani yako inapoa."

Akashuka. Alikuwa na njaa, na mimi nikitaka jambo watu hawanishindi. Trimble akamsogezea kiti kwa tabasamu. Corwin alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimlea hivyo, asinibishie mbele ya wageni. Dah! Nilikuwa na furaha siku ile. Meza imejaa, kila mtu anakula.

Katikati ya chakula Trimble akasema kama anayetania, "Na wewe Bwana Haskew, mbona kimya? Tumwekee nini kijana hapa ili aache habari za chuo?"

Haskew mdomo umejaa bamia. Akajibu bila kufikiri, "Ongezeni mara mbili, atawasikiliza." Akaomba tena mkate. Ni hayo tu. Hakuongeza lingine, nami nikawakatia pai.

Wiki mbili baadaye Corwin akampigia Trimble simu, akamshukuru, akamwambia amechagua chuo. Trimble akamjibu, "Utanikumbuka, kijana," akakata. Hatukutia maanani. Lavon alinunua masanduku mawili mapya, akampeleka mwenyewe kwa gari, magoti yake yale yale, mwendo wa saa tano barabarani. Aliporudi alipita kwa kinyozi kwanza, akawaambia wote mwanawe atajenga madaraja. Wakati huo siku ya mwisho ya kusaini ilikuwa imepita.

Siku ya tatu simu ikalia. Mwanamke, sauti ya upole, anasema yuko ofisi ya michezo ya chuo. "Samahani kwa usumbufu, mama. Kuna barua tumepokea. Tunataka kuthibitisha tu kwamba siku klabu ilipokuja kwenu, Bwana Haskew alibaki nje garini."

Yesu wangu, damu ikanichemka. Mimi nilichosikia ni kwamba kuna mtu anaeneza habari kuwa akina Pettway wanaacha wageni juani.

"Nje? Nani kasema nje? Binti, wewe umelelewa na nani? Katika nyumba hii mtu haachwi uani kama mbwa! Alikaa mezani, akala, akaongeza!"

"Pamoja na mtu wa klabu?"

"Bega kwa bega!"

"Na walizungumza?"

"Ana mdomo, kwa nini asizungumze? Alimwambia waongeze mara mbili, nilimsikia kwa masikio yangu haya."

Nilisikia anaandika. Akasema, "Asante, mama. Umetusaidia." Nikaweka simu chini nikijiona nimelitetea jina la mama yangu. Nilikuwa nimefika sinkini ndipo nikaelewa nilichosema. Nikakaa sakafuni, pale pale.

Corwin alirudi Ijumaa kwa basi, na masanduku yake mawili. Lavon alikuwa amekaa sebuleni, hakuinuka. Ndipo nikajua sehemu iliyobaki. Asubuhi ile ile, kabla hawajanipigia, walikuwa wamemuuliza Corwin kwa maandishi, naye akaandika kwamba Haskew hakutoka garini. Barua ya Trimble inasema hili, mtoto anasema lile, pengine wangemwamini mtoto. Kisha nikaja mimi. Kwa hiyo hawakumwondoa kwa sababu ya Haskew peke yake. Walimwondoa kwa ule uongo aliouandika, na ufadhili ukaenda.

"Kwa nini uliandika vile, mwanangu?"

"Sikutaka wakupigie simu, Shangazi. Nilijua utajilaumu."

"Nitukane. Haki ya Mungu, Corwin, nitukane nisikie."

"Nimechoka, Shangazi. Naomba nilale."

Alilala siku mbili. Akaamka, akaenda kuomba kazi kwenye karakana ya meli, wakampa ya kupiga rangi.

Nilijipa moyo na Juni. Klabu huchagua tena kila Juni, na mkono ulikuwa bado ule ule. Lavon, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu, alivaa suti akamfuata Trimble mpaka ofisini kwake. Alirudi akaning'iniza suti, akasema Trimble ameshamsema mtoto kwa klabu nyingine.

Juni ikafika. Walisoma majina siku tatu, zaidi ya elfu moja na mia tano, nasi watatu tukakaa mbele ya kompyuta tukisikiliza. Siku ya kwanza Corwin alikuwa anatania, anasema huyu namjua, hana lolote. Siku ya pili aliacha utani. Siku ya tatu walifika kwa vijana ambao hakuna aliyewahi kuwasikia, mmoja alichaguliwa kwa sababu mjomba wake ni kocha. Jina la mwisho likasomwa, lake halimo. Mtangazaji akashukuru wasikilizaji.

Corwin akainuka. "Kesho naingia saa kumi na mbili," akasema, akaenda kupiga pasi nguo za kazi.

Lavon akazima kompyuta. Akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa akanitazama usoni. "Dada," akasema, "mtoto yule alichagua vizuri."

"Najua," nikamwambia.

"Alichagua vizuri kuliko mimi."

Nikamwambia tena najua. Chumba cha pili pasi ilikuwa inapita juu ya nguo, inasimama, inapita tena.