Godoro la Kubebwa na Mtu Mmoja

Nililibeba peke yangu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini nilikuwa nimetoka shifti, na mtu aliyetoka shifti hashtuki. Nilipandisha godoro hilo ngazi zote za apatimenti yetu hapa Hopkins, ughaibuni, tena nikajisifu, eti Margaret bado una nguvu. Nguvu gani!

Dukani kule Woodbury nililipima kikwetu: ngumi katikati, halafu nikalikalia. Likakataa kubonyea. Nikasema, hii ndiyo high density yenyewe. Kwetu Kisii kila mtu anajua hivyo: gumu ni high density, laini ni takataka. Muuzaji alinitazama nikilipiga ngumi, akaenda zake.

Lilikuwa la Jairus, mume wangu. Tangu apate kiharusi hawezi kujigeuza. Nesi anayekuja kumwangalia aliona wekundu chini ya mgongo, akaniambia waziwazi: ngozi ikifunguka, itabidi apelekwe nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba kama hiyo. Nageuza wazee wa watu mchana kutwa, na najua kengele hulia kwa muda gani kabla mtu hajafika. Jairus naye anajua, maana zamani nilikuwa nikimsimulia jioni. Akanishika mkono. "Mama Fiona, usinipeleke huko."

Godoro likafanya kazi vizuri mwanzoni, kisha likachoka kama mimi. Pale anapolala pakazama na pasirudi. Nilipopitisha mkono chini yake, nikaona mfupa wa kiuno umekaribia mbao za kitanda.

Nikamwita Gentille, jirani yetu Mkongomani, anisaidie kumhamishia kwenye kochi. Tulipomaliza akainua godoro upande mmoja. "Eh, Mungu wangu! Dada, hii si godoro, ni hewa tu!"

Nilikasirika, lakini nikachukua kisu. Nikakata kipande cha godoro, kikalingana kwa ukubwa na mto wa kochi letu kuukuu. Mto ulikuwa laini, ukabonyea kwa kidole, lakini mkononi ulikuwa mzito. Kipande kigumu hakikuwa na uzito wowote. Nikabaki nimesimama na sponji mikono yote miwili. Kumbe ugumu ni kitu kingine kabisa! High density ni wingi wa vitu vilivyojazwa ndani ya nafasi ileile. Langu lilikuwa mapovu ya hewa yenye kuta kavu, na kuta zikishavunjika, kwisha habari.

Nikanunua jingine, zito kweli. Hilo tulilipandisha mimi, Gentille na mume wake, Onesphore, tukipumzika kila kona, Onesphore akigombana nalo kwa Kifaransa. Tukamlaza Jairus. Wenzangu walipoondoka, nikamwangalia mgongo. Wekundu bado ulikuwepo, lakini ngozi ilikuwa nzima. Nikakaa sakafuni nikalia, si kwa furaha, kwa kuchoka tu.

"Mama Fiona," akasema, maneno yakimtoka moja moja. "Umekwisha. Nipeleke tu."

"Nyamaza!"

"Nipeleke. Nimekubali."

Nikainuka. Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi. Kwa muda mfupi tu, lakini nilifurahi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Huendi popote," nikamwambia kwa ukali. Nikaweka mkono chini ya bega lake, nikamgeuzia ukutani, asije akauona uso wangu.